Mrija Nilioupoteza Mkononi mwa Ndung'u

Ruiru,
Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu mpenzi Nyambura,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele kwa Mama Shiro, na kwa jinsi ninavyoyajua maneno ya Mama Shiro, hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina muda. Ndung'u yuko nyuma ya nyumba anapigilia mabati ya banda la kuku. Kila baada ya misumari miwili anapiga mluzi, kisha anachungulia dirishani kuona kama bado naandika. Nikimtazama anajifanya anatafuta nyundo, na nyundo ameishika mkononi. Mwanangu, nina miaka arobaini na moja, nimeolewa miezi mitatu iliyopita, na nikiliandika neno hilo, nimeolewa, bado nacheka peke yangu kama msichana wa Form Two. Utanisamehe. Barua hii ni yako, si yake, lakini atakuwa akiingia humu mara kwa mara, maana bila yeye siwezi kukueleza ninachotaka kukueleza.

Sitakuandikia habari za sweta, wala blanketi, wala kuchemsha maji ya kunywa. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mami, naenda chuo cha uuguzi, siendi vitani." Nina jambo moja tu. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kusomea kazi yangu, na umeichagua kazi hiyo kwa sababu ya hadithi moja uliyoisikia kunihusu. Hadithi hiyo si ya kweli. Mimi niliiacha ipite, na ikapita mbali kuliko nilivyodhani.

Uliisikia siku ya harusi yetu. Msimamizi wa Ndung'u alisimama na soda yake mkononi, akasema, "Jamaa, mnamwona huyu bibi harusi? Huyu ndiye sister aliyeokoa maisha ya huyu bwana. Kilikuwa kitu kimeingia mpaka kwa moyo, na huyu mama ndiye aligundua! Sasa mtu kama huyo utamlipa na nini? Unamuoa!" Ukumbi mzima wa kanisa ukacheka na kupiga makofi. Wewe ulipiga kuliko wote, ukasimama kabisa, na gauni lako la rangi ya maziwa likamwagikiwa soda. Ndung'u aliubana mkono wangu chini ya meza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, haikuwa hivyo." Nikatabasamu. Nilikuwa nimevaa nyeupe, nilikuwa na maua, nikajiambia leo si siku ya kusema hayo.

Baada ya mwezi mmoja ukaenda kwenye usaili. Ulirudi jioni ukiwa umevua viatu mlangoni, macho yanawaka, ukaniambia, "Mami, waliniuliza kwa nini nataka kuwa nurse, nikawaambia habari yako na Anko Ndung'u. Mmoja wao akaandika!" Nikasema, "Vizuri," nikaenda kuangalia sufuria. Hakukuwa na sufuria motoni, Nyambura. Nilisimama tu pale jikoni nikitazama jiko lililozimika.

Haya. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mwaka wa tisini na tano, wewe ukiwa bwenini, nilikuwa nafanya kazi katika ile hospitali ndogo ya kibinafsi kule Thika, unayoijua. Tulikuwa wauguzi wanne na daktari mmoja aliyekuja asubuhi na jioni. Nilikuwa na sifa pale. Waliniita Mkono Mwepesi. Wagonjwa kutoka Kiandutu, watu ambao kazi yao ni vibarua na hawana siku ya kupoteza, walikuwa wanakaa kwenye benchi wakisema, "Sisi tunangoja yule Mama Nyambura, yule hadungi mara mbili." Sifa hiyo niliipenda. Nakwambia kweli, niliipenda zaidi ya mshahara. Nilikuwa mjane wa miaka kumi, chumba kimoja, kitanda kimoja, na jina hilo lilikuwa kitu changu cha kuvaa nikitoka nje.

Ndung'u aliletwa na wenzake kutoka kiwandani, Eneo la Viwanda, alikokuwa fundi wa mashine za kufuma nguo. Alikuwa na taifodi. Alikuwa ametapika na kuhara siku nne, midomo imepasuka, macho yamezama. Tulimwekea maji ya mshipani, lakini mishipa ya mtu aliyekauka hivyo hujificha. Kufikia siku ya tatu tulikuwa tumemdunga mikono yote miwili mpaka tukakosa pa kudunga. Daktari akasema tutumie ile mirija mirefu.

Mirija hiyo ilikuwa mitatu tu katika hospitali nzima. Ililetwa na wageni fulani katika sanduku la misaada. Utaifundishwa, au labda siku hizi hawaitumii tena, sijui. Ni sindano nene, na ndani ya sindano unapita mrija mwembamba wa plastiki, mrefu kama kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Unadunga sindano kwenye kiwiko, kisha unausukuma mrija upite ndani yake, upande na mshipa kuelekea begani. Kuna sharti moja, na daktari alikuwa amelisema mbele yetu sote, polepole, mara mbili. Mrija ukikwama, usiuvute nyuma peke yake. Mdomo wa sindano una makali, utaukata. Toa vyote kwa pamoja, sindano na mrija, utupe, uanze upya.

Nililisikia, na nikaliandika kwenye daftari.

Asubuhi ile daktari alikuwa amechelewa, na mimi sikumngoja. Niliketi kando ya kitanda, nikamfunga Ndung'u mpira juu ya kiwiko. Alikuwa amechoka hata kukasirika. Akasema, "Sister, mmenitoboa kama chujio. Hii ni ya ngapi?"

"Ya mwisho," nikamwambia.

"Hata jana mlisema ya mwisho."

"Jana hukudungwa na mimi. Nakuahidi, sitakudunga tena."

Akatabasamu kidogo kwa ile midomo iliyopasuka. Mwanangu, wakati huo sikumpenda, usije ukafikiri hivyo. Alikuwa mgonjwa wa kitanda namba tano. Lakini tabasamu lile lilinipa raha ya aina ile ninayoijua mimi, raha ya kuwa mtu anayeaminiwa.

Sindano iliingia vizuri. Mrija ukaenda, ukaenda, ukafika karibu na kwapa ukagoma. Nikaufungua mpira, nikausukuma, ukagoma. Kitu cha kufanya nilikijua. Nilitakiwa kutoa vyote, kutupa mrija mmoja kati ya mitatu, na kumdunga tena mtu niliyemwambia dakika moja iliyopita kwamba sitamdunga tena. Nikafikiri, nikiuvuta nyuma kidogo tu, kama upana wa ukucha, kisha niusukume upya, utapita.

Nikauvuta. Ukaja kidogo, kisha ukaja kwa urahisi mno. Ulitoka wote mkononi mwangu, mfupi, na ncha yake imekatwa mshazari kama jani la nyasi ya napia lililopitiwa na panga.

Nilipaswa kuufunga mkono ule juu ya kiwiko papo hapo, nimwambie asiusogeze, nipige kelele. Kitu kikipotea ndani ya mshipa hakikai kungojea utafutwe. Damu inakichukua kama mtaro unavyochukua kijiti cha kiberiti, na mishipa yote ya upande huo inaelekea moyoni. Niliyajua hayo. Ndung'u akauliza, "Imeingia?" Nikasema, "Imekataa. Pumzika kwanza." Nikaukunja mrija uliobaki ndani ya pamba, nikautia mfukoni mwa aproni. Mwenzangu akaja akapata mshipa mdogo mguuni, maji yakaendelea kushuka, na kila mtu akasema afadhali.

Nilienda stoo nikaufungua mrija wa pili, ambao haukuwa na kosa lolote, ili niupime na wangu. Wangu ulikuwa umepungua kwa urefu wa kiganja. Hata hapo, Nyambura, nilisimama stoo nikajiambia labda ulitoka kiwandani ukiwa mfupi. Mtu anayeogopa anaweza kuamini chochote. Nikamaliza zamu, nikavua aproni, nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani.

Nataka uniamini hapa. Kosa la kuuvuta mrija lilikuwa la dakika moja, na wauguzi wazuri kuliko mimi wamelifanya. Kutoka saa nne asubuhi mpaka kesho yake saa moja, hayo yalikuwa masaa, na kila saa niliichagua mimi. Ukiniuliza ni nini kinachoniamsha hadi leo, si ile dakika.

Na haikuwa mara ya kwanza. Baba yako mzazi alipofariki, ulikuwa darasa la kwanza. Nilikuambia amesafiri kikazi. Nilitaka umalize mtihani wako mdogo, kisha nikataka ipite Krismasi, kisha nikataka nipate nguvu. Kwa mwezi na zaidi ulikuwa unamwekea viatu vyake mlangoni kila jioni ili akirudi asipite na matope. Ulikuja kuambiwa na mtoto wa jirani. Ulinijia jikoni ukaniuliza, "Mami, kwani wewe ulikuwa hujui?" Sijawahi kujibu swali hilo. Nilikupa ndizi. Nilikuwa nikiamini ninakukinga, na labda nilikuwa, lakini nilijikinga mimi kwanza.

Turudi Thika. Asubuhi ya pili nilimkuta Ndung'u ameketi, anakunywa uji. Alikuwa na nafuu. Akaniita kwa furaha, "Sister Mkono Mwepesi! Hebu sikia, kuna kitu kinarukaruka hapa ndani, kama kifaranga kwa kikapu. Ni dawa?" Akaweka kiganja kifuani. Nikashika mkono wake nikahesabu mapigo. Yalikuwa yanakwenda vizuri, kisha yanajikwaa, kisha yanakimbia ili kufika.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa daktari, nikamkuta ndiyo kwanza anavua koti. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwepo. Sikuwa nimepanga maneno. Nikasema, "Mrija ulikatika jana mkononi mwa kitanda namba tano. Niliuvuta. Nilijua umekatika." Nikatoa ile pamba mfukoni nikaiweka mezani.

Matroni akasema, "Jana? Mama Nyambura, jana saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ya usiku?"

"Ya asubuhi."

Daktari aliuweka mrija kwenye rula, akaandika urefu wake, kisha akasema kwa sauti ileile ya kila siku, "Apigwe eksirei sasa. Na wewe ndiye utamweleza, si mimi."

Picha ilipotoka, tuliishika mbele ya dirisha. Kivuli cha moyo kilikuwa pale, na katikati yake uzi mweupe mwembamba umejikunja. Ungeuona usingedhani ni kitu cha kumdhuru mtu.

Nikaenda kumweleza. Dada yake mkubwa, Wairimu, alikuwa ameketi kwenye kiti akimmenyea chungwa. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilisema niliambiwa nisivute nikavuta, na nilijua tangu jana. Ndung'u alinitazama mpaka nikamaliza, akageukia ukutani, akasema, "Toka."

Lakini Wairimu hakunyamaza. Alinifuata mpaka kwenye veranda, kisu cha chungwa mkononi, mbele ya benchi lote la wagonjwa. "Kumbe huyu ndiye wa mkono mwepesi? Mwepesi wa kuachia watu takataka ndani ya mwili! Ngai! Ndugu yangu alikuja hapa na tumbo, sasa mnamrudisha na moyo!" Wale watu wa Kiandutu walionisifu walitazama miguu yao. Leo Wairimu ni wifi yangu, na ndiye aliyenipikia mukimo wa harusi, lakini hilo la veranda hajaliomba radhi, na mimi sitaki aliombe.

Tulimpeleka Nairobi kwa gari la hospitali. Matroni alinilazimisha niende naye. Njia nzima Ndung'u hakuniambia neno, na mimi nilimshika mkono nikihesabu, nikihesabu. Kwenye hospitali kubwa daktari wa kwanza alisema huenda ikabidi kifua kifunguliwe. Wairimu akaanza kulia kwa sauti. Mtu aliyedhoofishwa na taifodi hivyo, kufunguliwa kifua, nilijua maana yake. Nilijua nimemuua mtu kwa sababu ya kutaka asiniudhikie.

Kisha akaitwa daktari mwingine, mwembamba, mpole, mtaalamu wa moyo. Alikaa kwenye kitanda, akachora kwenye karatasi. Alisema hatafungua kifua. Atatoboa tundu dogo kama punje ya mahindi juu ya paja, pale linapoungana na tumbo, aingie kwenye mshipa mkubwa na mrija laini, apande nao mpaka moyoni huku akitazama kwenye televisheni ya eksirei. Ndani ya mrija ule atapitisha waya mwembamba wenye kitanzi kwenye ncha. Atakitega kitanzi, ule uzi uingie, akaze, ashuke nao.

Ndung'u, aliyekuwa hajasema kitu tangu Thika, akacheka. Kicheko dhaifu, lakini kicheko. "Kumbe ni mtego wa fuko!"

Daktari akauliza, "Wa nini?"

"Fuko, daktari. Yule mnyama wa chini ya udongo. Mimi ni mtu wa Kalimoni. Nikiwa kijana mafuko walikuwa wanatumalizia viazi vitamu, na mimi ndiye nilikuwa nawatega. Unafungua njia yake, unaweka kitanzi cha waya ndani, unafunika."

"Na unamshika vipi?"

"Siri ni usimfuate. Ukimfukuza anaingia ndani zaidi. Wewe tega mahali anapita, ungoje. Ataleta shingo mwenyewe. Hapo ndio unakaza, na usikaze kwa haraka."

Daktari alimtazama, kisha akakunja ile karatasi yake akaitia mfukoni. "Umemaliza kunifundisha," akasema. "Twende."

Mlangoni Ndung'u akasimamisha machela. Akaninyooshea kidole. "Huyu aliyeipoteza aje aone ikitafutwa." Sikujua kama ni adhabu au ni kitu kingine, na nikimuuliza leo anasema hata yeye hajui. Wakanivisha aproni nzito yenye madini ya risasi ya kuzuia miale, nikasimama kwenye kona.

Nyambura, utaona mambo mengi huko uendako, lakini natamani ungeona hilo. Chumba kilikuwa kimya na baridi. Ndung'u alikuwa macho, amepigwa ganzi mahali pale tu. Kwenye kioo cha televisheni moyo wake ulikuwa unapiga, kivuli cha kijivu kinachofunga na kufungua, na ndani yake ule uzi wangu ukicheza kwa kila pigo. Waya ukapanda kutoka chini, polepole, mpaka ukaingia pichani. Kitanzi kikafunguka. Uzi ukakikwepa. Daktari akangoja. Akajaribu tena, uzi ukakikwepa tena, na safari hii kitanzi kikagusa ukuta wa moyo, mapigo yakavurugika, mashine ikaanza kulia haraka haraka. Daktari hakuongeza mwendo. Alirudisha waya nyuma kidogo, akasema tu, "Tungoje utulie." Tukangoja. Moyo ukatulia.

Ndung'u akasema kutoka mezani, bila kusogeza kichwa, "Daktari, usimfuate."

"Simfuati," daktari akasema. "Namtegea."

Akakishikilia kitanzi mahali pamoja, wazi. Moyo ukapiga, ukapiga, na kwenye pigo moja ncha ya uzi ikaingia yenyewe katikati. Akakaza. Nikaona kwenye kioo ule uzi ukijikunja katikati na kuacha kucheza. Kisha ukashuka, ukatoka kifuani, ukapita tumboni, ukaja mpaka pajani, na daktari akautoa juu ya kitambaa, umekunjika mara mbili, mwembamba kama mrija wa wino wa kalamu ya biro. Muda wote huo hakikufunguliwa kitu zaidi ya lile tundu la punje ya mahindi.

Baada ya kutoa mrija mtu lazima aubonyeze mshipa kwa mkono, dakika ishirini bila kuachia, damu isivuje. Daktari akanitazama. "Sister, njoo ubonyeze. Na usiachie mpaka nikuambie." Nikabonyeza. Nilikuwa nalia, machozi yanadondoka kwenye aproni ile ya risasi, na siwezi kuyafuta kwa sababu mikono yote iko kwenye paja la mtu. Ikapita kama dakika kumi. Ndipo Ndung'u akasema kwa sauti ya chini, "Sister, mkono wako ukikaa hapo dakika zingine kumi, huko kwetu itabidi nilete mbuzi kwenu."

Samahani mwanangu, najua unaficha uso sasa. Lakini ndivyo alivyosema, na mimi nilicheka katikati ya kilio, na sikuachia.

Nilisimamishwa kazi miezi mitatu. Wewe nilikuambia nimechukua likizo. Kisha hospitali haikunitaka tena, nikapata ile zahanati ya hapa Ruiru, na wewe nilikuambia nimechoka na Thika. Ndung'u alinitafuta mwezi wa pili wa adhabu yangu. Alisimama mlangoni na mfuko wa viazi vitamu, akasema, "Nimekuja kuona kama huo mkono umepona." Nilimwuliza kwa nini hana hasira. Akasema anayo, lakini imepungua, na inapungua vizuri zaidi akiniona kuliko akikaa nayo peke yake. Akaniambia pia kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyemjia akamwambia kosa lake mwenyewe akiwa amesimama, hata wakubwa wa kiwandani, hata baba yake. Nilimwambia nilichelewa siku nzima. Akasema, "Ndiyo, ulichelewa. Lakini ulifika." Ee Nyambura, maneno hayo! Mimi niliyekuwa nimefunga roho yangu kama duka la Jumapili! Alikuja kila Jumamosi kwa mwaka na nusu. Hakuwahi kuja mikono mitupu, na hakuwahi kukaa mpaka watu waseme. Sasa namsikia hapo nje anapiga mluzi, na nafikiri, moyo ule niliuona kwa macho yangu ukipiga. Ni wanawake wangapi wameuona moyo wa mume wao?

Lakini nilisema barua hii ni yako.

Usiku wa harusi nilimwuliza Ndung'u kwa nini hakumsahihisha msimamizi wake. Akasema, "Mimi ya kwangu nilishaambiwa. Ya Nyambura ni wewe utamwambia." Ni miezi mitatu sasa. Kila nikitaka kuanza, nakuona umesimama ukumbini unapiga makofi, na ninaogopa kwamba ukijua, hutanipigia tena. Hilo ndilo ninaloogopa, sina haja ya kulipamba. Naogopa pia kwamba utasema, basi sitaki kazi hii, na nitakuwa nimekuvunja moyo siku moja kabla ya safari. Ukiamua hivyo, mimi na Ndung'u tutalipanga upya pamoja nawe, na hakuna atakayekunung'unikia. Ila nikikutazama, naona mtu atakayeifanya kazi hii vizuri, na natamani uifanye ukijua jinsi mtu anayependwa na wagonjwa anavyoweza kumdhuru mgonjwa. Mimi nilikuwa napendwa sana asubuhi ile.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya shuka zako kwenye sanduku, uikute Jumatatu, ukiwa mbali, mimi nikiwa salama hapa na mume wangu na kuku wangu. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona ninachokifanya. Ni mchezo uleule, mrija katika pamba, aproni iende nyumbani. Uisome barua hii bwenini, kati ya wasichana usiowajua, bila mtu wa kumuuliza swali? Hapana. Mimi nisome uso wako lini?

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo. Nasikia sauti yako langoni, unamwonyesha Ndung'u nywele, naye anakuambia umekuwa kama bibi wa waziri. Ukiingia nitakupa kabla sijazisifu. Keti kitandani usome yote. Mimi nitakuwa jikoni, na safari hii kutakuwa na sufuria motoni kweli. Njoo uniulize chochote, na kwa sauti yoyote unayotaka. Hata lile swali la zamani, kwamba nilikuwa sijui, uliza tena. Nilikuwa najua, Nyambura. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Na huko chuoni, ukitaka kuwarudia wale waliokuuliza uwaambie ilivyokuwa, waambie yote. Usinifiche kwa kusema ni muuguzi fulani. Taja jina langu.

Mama yako,
Wanjiru